Pikapu isiyobeba mahindi

Najua wengine mko kwenye UE na wengine mnalihesabia bumu siku, poleni na hongereni kwa pamoja. Mimi nimerudi chuo salama kutoka mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa Bunda, mkoani Mara, na nimerudi na jambo moja ambalo limekataa kabisa kutoka kichwani. Jambo lenyewe ni pikapu.

Hapana jamani, sio ile Toyota ya kubebea mahindi kutoka shamba. Naongelea kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, kile ambacho wapiga gitaa wenyewe wanakiita pikapu. Kazi yake ni kusikiliza nyuzi na kupeleka habari kwenye spika. Ndio hivyo tu. Ila kumbe namna kinavyosikiliza ndiyo inayoamua wewe uliyekaa nyuma ya ukumbi utasikia nini.

Sasa kwa nini mwalimu wa fizikia na hisabati ahangaike na pikapu? Ni kwa sababu ya mzee mmoja jirani yangu pale Bunda. Ni Mkurya, mwenyeji wa Tarime, kahamia Bunda miaka mingi, na anapiga litungu. Kwa wasiolijua, litungu ni ile ala kubwa ya nyuzi nane. Ina tumbo la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe, mikono miwili inapanda juu, na juu kuna mti uliolazwa ambao nyuzi zimefungwa. Wakurya wenyewe wanaita iritungu. Wajaluo wa Rorya wana ndugu yake anaitwa nyatiti, naye ana nyuzi nane. Litungu la mzee wangu lina sauti nzito, ya chini, ambayo ukikaa karibu unaisikia kifuani kabla haijafika masikioni.

Tatizo ni hilo neno "karibu". Siku hizi sherehe zote zina spika. Sendofu ina spika, kipaimara kina spika, hata kikao cha harusi kina spika! Kikundi cha mzee kikiitwa, MC anaweka maiki moja mbele ya mwimbaji, kinanda cha ukumbini kinaendelea kugonga nyuma, na litungu linaonekana tu. Watu wanaona vidole vinacheza, hawasikii kitu. Mzee aliniambia kwamba zamani walikuwa wanaitwa karibu kila wiki msimu wa mavuno, sasa unapita mwezi mzima kimya. Vijana wake wawili wameshaacha, mmoja anaendesha bodaboda.

Akatokea kijana fundi redio wa mtaani hapo, mtu mwenye nia nzuri kabisa, na dawa yake. Alisema: tuvue hizi nyuzi zote za nailoni, tuweke nyuzi za gitaa za chuma, tufunge na pikapu ya gitaa, tuchomeke kwenye amplifaya, kwisha kazi. Mzee akakataa. Fundi akasema mzee hataki maendeleo. Mzee akasema fundi anataka kuua mtu halafu amvalishe suti. Basi jioni moja wote wawili wakanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe si unafundisha umeme? Amua."

Tuanze na gitaa la umeme, maana ndiko dawa ya fundi ilikotoka. Gitaa la umeme kwa kawaida halina tumbo, ni ubao mzima. Ulipige bila kuchomeka popote, utasikia kama mtu anakuna sufuria chumba cha pili. Sauti yake inazaliwa kwenye pikapu. Mle ndani kuna sumaku, na sumaku zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu saba na zaidi. Uzi wa chuma ulio juu yake unapata usumaku kidogo. Ukiupiga unacheza, uga wa sumaku unabadilika, na kwenye ule waya unazaliwa umeme mdogo unaocheza vilevile kama uzi. Ndio ile sheria ya Faraday ya mwaka 1831 ambayo kidato cha nne wanaikariri bila kuiona. George Beauchamp wa Rickenbacker kule Marekani aliitumia mwanzoni mwa miaka ya 1930 kutengeneza gitaa lililopewa jina la utani la kikaangio.

Hapo tayari kuna mambo matatu yanayobadilisha sauti, na nayaeleza taratibu maana tutayahitaji mbele.

La kwanza ni waya wenyewe. Ukiongeza mizunguko, umeme unaotoka unakuwa na nguvu zaidi, lakini zile sauti za juu kabisa, zile zinazong'aa kama kijiko kwenye glasi, zinaanza kufifia. Mizunguko michache inatoa sauti safi, mingi inatoa sauti nene. Huwezi kupata vyote.

La pili ni mahali. Uzi ukicheza hauchezi kwa umbo moja, unacheza mzima, na nusunusu, na thelusithelusi, na roborobo, vyote kwa wakati mmoja. Karibu na kidaraja, pale mwisho wa nyuzi, uzi unacheza kidogo na sauti ndogondogo za juu zinasikika zaidi, kwa hiyo pikapu ya hapo inatoa sauti kali yenye kukata. Ukiisogeza kuelekea shingo, sauti inakuwa ya duara, laini. Ukiiweka robo kamili ya urefu wa uzi kutoka kidaraja, basi kwenye uzi ulio wazi ile sauti ya roborobo haisikiki kabisa, maana hapo haichezi, imesimama. Uzi ni uleule na kidole ni kilekile, ila sikio limehama! Ndio maana Stratocaster ya Fender ya mwaka 1954 ilikuja na pikapu tatu kwenye gitaa moja.

La tatu ni mngurumo. Jumapili moja nilikuwa Musoma, na kwenye kusanyiko nililosali kulikuwa na kijana anapiga solo vizuri mno. Lakini kila akinyamaza spika zinasema mmmmmm. Pikapu yake ilikuwa ya koili moja. Koili ni antena, inameza umeme wa tyubulaiti na wa nyaya za ukutani, unaogeuka mara 50 kwa sekunde. Nilimwona akigeuza mwili taratibu kama anatafuta mtandao wa simu, mpaka mngurumo ukapungua, kisha akabaki kageukia ukuta ibada nzima. Watu walidhani kazama rohoni. Dawa ya tatizo lile aliipata Seth Lover wa Gibson mwaka 1955. Aliweka koili mbili pamoja, moja imegeuzwa waya na sumaku pia. Mngurumo ukiingia koili zote mbili unajifuta, sauti ya uzi inajumlishwa. Pikapu hiyo inaitwa hambaka. Ila kwa kuwa inausikiliza uzi sehemu mbili kwa pamoja, na sauti nyingine za juu nazo zinajifuta, unapata sauti nene ya joto badala ya ile kali. Umeponya ugonjwa, na mgonjwa kabadilika sauti.

Sumaku hizo hizo ndizo zilizowapa wazee wa dansi solo, ridhimu na besi zao. Musoma ilikuwa na Mara Jazz yake, kama Morogoro ilivyokuwa na Morogoro Jazz ya akina Mbaraka Mwinshehe. Kwa hiyo sitaki mtu aseme nachukia gitaa. Gitaa la umeme lilizaliwa na chuma na sumaku, wameoana.

Litungu je? Sumaku haioni nailoni. Haioni utumbo wala mishipa ya ng'ombe, vitu vilivyokuwa nyuzi za ala hizi kabla ya nailoni. Ukiweka pikapu bora kuliko zote duniani chini ya litungu la mzee, utapata kimya. Ndio maana fundi alitaka kwanza nyuzi za chuma. Nikachukua karatasi nikamwonyesha hesabu. Chuma ni kizito karibu mara saba kuliko nailoni kwa ujazo uleule. Uzi wa chuma wenye unene na urefu uleule, ukitaka utoe sauti ileile, lazima uuvute kwa nguvu karibu mara saba. Zidisha kwa nyuzi nane. Ule mti wa juu na ile ngozi havikutengenezwa kwa mzigo huo. Fundi si mjinga, akajibu papo hapo: "Basi tuweke nyuzi nyembamba." Ni kweli, uzi mwembamba zaidi ya mara mbili na nusu utarudisha mvuto uleule. Lakini uzi mwembamba wa chuma hautoi sauti ya uzi mnene wa nailoni, na vidole vya mzee vilivyozoea kamba vitakuta waya. Tutakuwa tumetengeneza gitaa lenye umbo la litungu.

Hapa fundi akanipiga swali zuri. "Mwalimu, mbona Wakongo waliweza?" Alikuwa anaongelea Konono Nº1 wa Kinshasa, kundi la mzee Mingiedi Mawangu. Wale walijitengenezea pikapu zao kwa sumaku walizotoa kwenye vipuri vya magari makuukuu, wakafunga kwenye likembe, na mwaka 2004 albamu yao ya Congotronics ikawapeleka mpaka Ulaya. Sauti inakoroma, inakwaruza, na watu wanaipenda hivyo hivyo. Lakini angalieni, likembe lina vijiti vya chuma! Sumaku ilikuta chuma chake pale. Mawangu hakubadilisha likembe ili lifae pikapu, alitengeneza pikapu iliyofaa likembe. Fundi alinyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Sasa ya kwetu iko wapi?"

Ya kwetu ilikuwa kwenye kadi ya Krismasi. Zile kadi zinazoimba ukizifungua, nyingine ndani yake zina kisahani chembamba cha shaba chenye duara jeupe katikati. Ile inaitwa piezo. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba kuna fuwele ambazo ukizibana zinatoa umeme. Kwenye kadi umeme unafanya kisahani kitetemeke na kuimba. Ukigeuza mambo, ukakibandika kwenye kitu kinachotetemeka, kinatoa umeme. Hakijali chuma wala nailoni, kinasikiliza mtetemo wa kitu kilichobandikwa. Fundi alikuwa na visahani kadhaa kwenye kopo lake la vipuri, na bei yake dukani haifiki hata nauli ya daladala ya wiki.

Jaribio la kwanza tulibandika kisahani kwenye ngozi karibu na kidaraja, tukachomeka moja kwa moja kwenye miksa ya fundi. Mzee akapiga. Jamani, ilikuwa sauti ya mbu! Nyembamba, kavu, tumbo hakuna. Mzee akaangalia spika kwa dharau akasema, "Huyu ni nyuki ndani ya debe." Fundi akanitazama kwa jicho la "si nilisema?".

Ila fizikia ilikuwa na jibu. Kisahani cha piezo kikiwa kimya ni kapasita tu. Mita ya fundi ilisoma nanofaradi 20 hivi. Na tundu lile la miksa lina ukinzani wa omu 10,000. Ukiunganisha kapasita na ukinzani namna hiyo unapata chujio linalokata sauti za chini. Nikapiga hesabu pale pale, kiwango cha kukata kikatoka karibu hezi 800. Sauti ya mwanaume anayeongea kawaida iko kwenye hezi 100 hivi. Kwa hesabu hiyo, mtetemo wa hezi 100 unaofika kwenye miksa ni kama sehemu moja kati ya nane ya ule uliotoka. Yaani uzito wote wa litungu ulikuwa unamwagika kwenye waya kabla haujafika kwenye spika.

Tukahamisha waya kwenye amplifaya ya gitaa, ambayo tundu lake lina ukinzani wa omu milioni moja. Hesabu ileile sasa inatoa hezi 8, chini ya uwezo wa sikio la binadamu. Hatukubadilisha uzi, kisahani, wala mzee. Mzee akagusa uzi wa chini kabisa na ile sauti ikatoka sakafuni. Mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mzee mwenyewe hakusema kitu, aliupiga tena uzi uleule mmoja, mara nne au tano, anausikiliza kama mtu anayepigiwa simu na ndugu wa mbali.

Tukacheza na mahali, lile jambo la pili la gitaa. Kisahani kikiwa katikati ya ngozi kilisikia kila kitu, hata kiganja kikigusa. Kikiwa kwenye mkono wa mti kilitoa sauti ngumu, kavu, ya mti mtupu. Mahali palipomridhisha mzee ni mgongoni mwa tumbo, kwenye mti, upande wa chini, pale mtetemo wa ngozi unapokuwa umeshapita hewani na kwenye mti. Hapo akasema, "Mura, sasa huyu namjua." Kwa wale ambao hamjawahi kuishi na Wakurya, kuitwa mura na mzee wa namna ile sio jambo dogo.

Mtu atauliza, kwa nini msitumie maiki tu? Swali halali. Wiki mbili baadae kikundi kiliitwa kwenye harusi Butiama, nikadandia safari. (Asubuhi nilipita kwanza Mwitongo kwenye kaburi la Mwalimu, huwezi kufika Butiama halafu usipite.) Pale harusini tulijaribu vyote viwili. Maiki ndiyo inayosikia vizuri kuliko zote, maana inasikia hewa kama sikio. Inasikia kidole kikiachia uzi, inasikia pumzi ya mzee, inasikia litungu zima. Shida inasikia na spika pia. Mtu wa miksa akipandisha kidogo, sauti ya spika inaingia kwenye maiki, inatoka tena kwenye spika, inaingia tena, na hapo ndipo ile filimbi inayowafanya wageni wazibe masikio. Ngoma zikianza, maiki inasikia ngoma kuliko litungu. Piezo haina habari na hewa sana, kwa hiyo ilipandishwa mpaka litungu likasikika nyuma kabisa kwenye turubai la mwisho, bila filimbi. Fundi alikuwa ameunda kisanduku kidogo chenye transista moja na betri ya volti 9, kinachopokea kisahani kwa ukinzani mkubwa na kupeleka kwenye miksa yoyote. Hatuhitaji tena amplifaya ya gitaa. Kisanduku kile, kwa maoni yangu, ni pikapu kamili kuliko hata kisahani chenyewe.

Je, ilikuwa ni litungu lilelile la uani kwa mzee? Hapana, nisiwadanganye. Piezo inatilia mkazo ule mguso wa mwanzo wa uzi, inakuwa kama mtu anayeongea akisisitiza herufi ya kwanza ya kila neno. Tulipunguza sauti za juu kwenye miksa, ikapoa, haikuisha. Ukweli ni kwamba hakuna pikapu inayosikia kila kitu. Sumaku inasikia chuma, piezo inasikia mti na ngozi, maiki inasikia hewa. Ukichagua mojawapo umechagua na utakachopoteza.

Na hili ndilo linalonikosesha usingizi kidogo. Watoto waliokuwa wanacheza mbele ya spika pale Butiama, wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kulisikia litungu kwa nguvu vile. Kwao, walichosikia ndicho litungu. Kama tungeweka nyuzi za chuma, litungu kwao lingekuwa chuma. Kama tungechomeka kwenye tundu lisilofaa, lingekuwa nyuki wa kwenye debe, na wangeamini wazee wao walikuwa wanapiga nyuki karne zote hizo. Anayechagua pikapu anachagua kumbukumbu za watu ambao bado hawajazaliwa. Na mara nyingi anayechagua ni mtu wa miksa mwenye haraka, ambaye hajawahi kukaa hatua mbili kutoka kwenye litungu.

Kwa hiyo wapendwa, hasa ninyi wa fizikia na ninyi wa kwaya mnaopenda kuunganisha waya, nyumbani kwenu kama kuna zeze, nyatiti, marimba au litungu, kabla hamjabadilisha uzi hata mmoja fanyeni kitu kimoja. Mkalisheni mwenye ala, apige bila umeme, msikilize mpaka mjue uzito wake uko wapi. Halafu muwashe spika, na yeye ndiye aseme kama ni yeye au si yeye. Hesabu zitafuata, nazo zipo, hazina ugumu kuliko zile za mtihani.

Habari za mwisho nilizopata kwa simu kutoka kwa fundi ni kwamba kisahani kimebandikwa upya kwa nta, maana gundi ilikuwa inaachia kwenye joto, na yule kijana wa bodaboda ameomba kurudi mazoezini siku za Jumamosi. Mzee anadai kwamba anataka kisanduku cha pili, cha akiba, na fundi anadai bado hajalipwa cha kwanza. Hayo mimi simo.

Haya, ngoja nikatafute ugali kabla kafeteria haijafungwa. Siku njema wote, na mnaofanya UE kesho, Mungu awatangulie.